Hatua Tatu hadi Sanduku Jeupe

Tulifanya mazoezi kwa ndoo mbili. Niliziweka juu ya benchi uani kwa shangazi yangu, mjini Muyinga, moja upande wa kulia, nyingine upande wa kushoto. Kila moja niliifunika kwa kipande cha katoni chenye tundu refu katikati, nililolikata kwa mkasi wangu wa kazi. Kisha nikampa shangazi bahasha mbili kuukuu. Katika moja nilikuwa nimetia karatasi moja tu, katika nyingine rundo la karatasi. Shangazi alikuwa haoni. Umri wake ulikuwa umeshapita miaka sitini, na kesho yake kulikuwa na uchaguzi wa komine, yaani wa viongozi wa wilaya.

"Nyembamba mkono wa kulia," nilimwambia. "Nene mkono wa kushoto. Ya kulia unaitia kulia, ya kushoto unaitia kushoto."

"Mara ngapi?"

"Mara kumi, shangazi."

"Kumi! Hata udhu ni mara tatu."

Lakini alifanya mara kumi, na hakukosea hata mara moja. Alitafuta tundu kwa kidole kidogo, akaachia bahasha, akasikiliza ilivyoanguka ndani ya ndoo. Mwisho akacheka. Alisema hata masanduku ya serikali yamesoma dini: cha heri kulia, cha kutupa kushoto.

Ni lazima nieleze jinsi kura ilivyokuwa ikipigwa, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Wakati ule mpiga kura hakuweka alama kwenye karatasi. Alipewa karatasi nyingi, moja kwa kila chama, pamoja na bahasha mbili. Karatasi aliyoichagua aliitia katika bahasha nyeupe. Zilizobaki, alizozikataa, alizitia zote katika bahasha nyeusi. Kisha bahasha nyeupe iliingia katika sanduku jeupe na bahasha nyeusi katika sanduku jeusi. Sanduku jeupe ndilo lililohesabiwa. Jeusi lilikuwa la takataka. Kwa mtu anayeona, mpango huu ni mwepesi, hata asiyejua kusoma anaumudu, na nadhani ndiyo sababu uliwekwa. Kwa asiyeona, kila kitu katika mpango huu ni rangi.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule mjini Gitega, na siku za soko nazipeleka Makebuko na Buraza. Nilizaliwa Gitega hiyo hiyo, katika mtaa wa Waislamu wenye maduka na karakana. Baba yangu alikuwa kaka wa shangazi. Mwaka mmoja mbaya alikwenda Bugendana kununua maharage ya kuuza, asirudi tena. Sina zaidi la kuandika juu ya jambo hilo. Nilikuwa mdogo. Wiki iliyofuata nilipelekwa Muyinga, na shangazi ndiye aliyenilea.

Nilizaliwa nikitumia mkono wa kushoto. Shangazi hakuweza kulivumilia hilo mezani. Wakati wa kula alinifunga mkono huo kiunoni kwa utepe aliouchana kutoka kanga yake, akaufungua tulipomaliza kunawa. Hakunipiga. Alifanya hivyo kila siku, mchana na jioni, kwa miezi, mpaka mkono wa kulia ukajifunza. Hadi leo nakata kitambaa kwa kushoto na nakula kwa kulia. Shule niliiacha mapema. Mengine niliyonayo nimeyapata kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa sukari, kamusi ya Kifaransa isiyo na jalada, na matangazo yanayobandikwa ukutani kwenye ofisi ya komine, ambayo nayasoma yote mpaka mwisho. Nina daftari. Ninachokisoma nikaona kina maana nakinakili.

Katika daftari hilo sikuwahi kuandika maneno ya shangazi juu ya kura, kwa sababu niliyajua kwa moyo. Alikuwa msichana mdogo wakati watu walipoitwa kupiga kura kabla ya uhuru. Babu yangu alivaa kanzu yake ya Idi, akaenda, akarudi adhuhuri. Shangazi alimuuliza alikwenda kufanya nini. Babu alimjibu: "Wameniuliza, nimejibu." Hakusema zaidi. Msichana yule aliona kuwa baba yake, aliyekuwa mshona viatu na hakuna aliyemuuliza kitu ila bei, ameketi mpaka jioni kama mgeni wa heshima katika nyumba yake mwenyewe.

Kisha uhuru ukaja, na baada yake ikaja miaka mingi ya chama kimoja. Shangazi alipanga foleni zote za miaka ile. Macho yake yalikuwa mazima, aliweza kutia uzi katika sindano bila kuisogeza kwenye mwanga. "Macho yangu yalikuwa mazima wakati hakuna cha kuchagua," alikuwa akisema. "Sasa karatasi iko mingi, macho hakuna." Vyama viliporudi, alikuwa tayari anaona kama kupitia moshi. Ikafuata vita. Vita vilipokwisha alikuwa haoni tena jua limetoka upande gani.

Katika uchaguzi wa kwanza baada ya vita alisaidiwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake. Sheria iliruhusu. Shangazi alinisimulia mara nyingi, na kila mara kwa maneno yale yale.

"Nilisikia karatasi tu, kra, kra, kama panya iko mu kikapu. Nikamuuliza: umetia ipi? Akaniambia: ile nzuri. Nikamuuliza: nzuri ya nani? Akaniambia: shemeji, twende, watu wanangoja."

Shemeji yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka. Lakini shangazi aliporudi nyumbani na wino kidoleni, aliusugua kwa jivu mpaka ngozi ikatoka.

Kwa hiyo uchaguzi uliofuata alinipigia simu Gitega kwa simu ya jirani yake, mama mmoja mjane muuza mkaa, aliyekuwa akiishi upande wa pili wa ukuta.

"Njoo na macho yako," alisema.

Nilimweleza kuwa nimeandikishwa Gitega. Nikienda kwake siku ile, kura yangu inapotea.

"Yako utapiga miaka mingine, baba. Mi sijui yangu imebaki ngapi."

Nilisafiri kupitia Karuzi, nikafika siku moja kabla. Nilianzia kwenye ofisi ya komine, nikasoma tangazo lote. Nilinakili sehemu inayosema kuwa mpiga kura mwenye ulemavu anaweza kusaidiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Kisha nikaenda shuleni palipokuwa na biro yake, kituo chake cha kupigia kura. Mlango wa darasa ulikuwa umefungwa lakini vifaa vilikuwa vimeshapangwa. Nilichungulia kwenye dirisha la mbele. Katikati ya darasa kulikuwa na meza, na juu yake masanduku mawili. Kwa mtu anayeingia kwa mlango wa mbele, jeupe lilikuwa kulia na jeusi kushoto. Niliyachora kwenye daftari. Nikarudi nyumbani, nikaomba ndoo mbili.

Asubuhi shangazi alioga, akajipaka mafuta, akavaa kanga aliyokuwa ameiweka akiba tangu Idi. Tulikwenda kwa miguu, mkono wake umeshika kiwiko changu. Hakupenda kushikwa. Alipenda yeye ndiye ashike. Foleni ilikuwa imeshazunguka uwanja wa shule. Hatujasimama hata dakika tano, kijana wa biro mwenye kitambulisho kifuani alitujia.

"Mukecuru, wazee na walemavu wanapita nyuma. Nyuma hakuna ngazi."

"Mukecuru ni nyanya yako," shangazi alimwambia, kwa kuitwa kikongwe. "Na miguu yangu iko mizima. Ni macho."

Watu wa foleni walicheka. Kijana naye alicheka.

"Basi mama. Nyuma iko na kiti pia."

"Kiti? Sasa ndo umesema neno. Twende kwenye kiti."

Alifurahi. Mimi pia nilifurahi, na nilimshukuru yule kijana. Mlango wa mbele wa darasa lile ulikuwa na ngazi tatu za saruji zilizovunjika kingo. Nyuma palikuwa sawa, udongo tupu. Ndani, karibu na mlango wa nyuma, walikuwa wameongeza asubuhi ile kichumba cha pili cha pazia, chenye meza fupi na kiti, kwa ajili ya wasioweza kusimama. Mtu fulani alikaa akalifikiria jambo hilo. Natamani ieleweke kwamba siku ile sikuona mtu hata mmoja mwenye nia mbaya.

Prezida wa biro, yaani msimamizi wake, alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye sauti ya mwalimu. Aliangalia karte ya shangazi ya kupigia kura, akaangalia kitambulisho changu, akamuuliza shangazi kama ni yeye aliyenichagua. Shangazi akasema: "Nimemchagua tangu iko na meno ya maziwa." Tukapewa karatasi na bahasha mbili. Tukaingia nyuma ya pazia.

Nilimwekea karatasi mkononi moja moja. Kila moja nilimtajia kwa sauti ya chini: jina la chama, rangi, picha iliyochorwa juu yake. Alinitaka nirudie zote tangu mwanzo. Nikarudia. Alichagua. Sitaandika alichagua nini, hiyo ni yake. Alipoishika karatasi hiyo akaniuliza:

"Hii ndiyo?"

"Ndiyo."

"Apa."

"Wallahi, shangazi, ndiyo hiyo."

Na ilikuwa ndiyo hiyo. Nililofanya nyuma ya pazia nililifanya sawasawa. Aliitia mwenyewe katika bahasha nyeupe, zilizobaki akazitia katika nyeusi. Akazipima, nyembamba kulia, nene kushoto, kama tulivyofanya uani. Tukatoka nyuma ya pazia. Hapo prezida akainua mkono.

"Wewe bwana unabaki hapo hapo. Kwenye masanduku anakwenda mwenyewe."

"Haoni," nilisema.

"Najua haoni, ndiyo maana nimekuacha uingie. Lakini mkono unaotia uwe wake peke yake. Na huko usiseme naye."

Sikuona ubaya katika maneno hayo. Hata shangazi alitikisa kichwa kuyakubali. Kijana mmoja alimshika bega, akamsimamisha mbele ya meza, akasema: "Yako mbele yako, mama," akarudi kwenye chupa yake ya wino. Prezida alikuwa ameshageukia mlango wa mbele, ambako mzee mmoja aliyepewa biro nyingine kwenye karte yake alikuwa akigombana na walinzi.

Nikaangalia meza.

Tulikuwa tumeingia kwa nyuma. Kwa hiyo shangazi aliifikia meza kwa upande wake wa nyuma, akiwa ameelekea mlango wa mbele. Masanduku hayakuhamishwa. Yalikuwa pale pale nilipoyachora. Lakini kwa mtu anayesimama upande ule, jeupe lilikuwa kushoto kwake na jeusi kulia kwake.

Alinyoosha mikono yote miwili. Alitafuta matundu kwa vidole vidogo, kama juu ya ndoo. Tundu la kulia alilipata haraka. La kushoto lilimchelewesha, kifuniko kilikuwa kimekaa upande, akalazimika kukipapasa chote. Muda huo ulitosha kusema sentensi nzima. Ulitosha hata kusema neno moja, "geuza", na mimi nilikuwa na neno hilo. Kutoka nilipokuwa nimesimama hadi alipokuwa yeye zilikuwa hatua tatu.

Aliachia bahasha nyembamba katika sanduku jeusi. Kisha akaachia bahasha nene katika sanduku jeupe. Akasikiliza zilivyoanguka. Akatabasamu, bila kumtazama mtu yeyote, kama anavyotabasamu mtu asiyeona.

Nimejaribu baadaye kuandika sababu za ukimya wangu. Niliandika kwamba prezida alikuwa amenikataza kusema. Ni kweli, lakini alikuwa mtu wa kusikiliza, angenielewa. Niliandika kwamba katika nchi hii mtu wa rika langu amejifunza kutopaza sauti palipo na watu wa serikali na makaratasi. Ni kweli pia, lakini shangazi ni wa nchi hii hii na angesema. Niliandika kwamba nilishtuka. Hilo nililifuta, kwa sababu sikushtuka. Niliona jambo linatendeka, nikaendelea kuliona mpaka likaisha. Ndivyo ilivyokuwa.

Kijana wa wino alichovya kidole cha shangazi. Tukatoka kwa nyuma.

Njiani shangazi alitembea haraka kuliko kawaida. Kila aliyemsalimu alimwonyesha kidole. Nyumbani jirani muuza mkaa alimuuliza mambo yalikwendaje, na shangazi akajiweka sawa juu ya mkeka, akakunja kanga yake magotini, akasema: "Wameniuliza, nimejibu." Nadhani alikuwa amelingoja neno hilo tangu utoto. Mchana alituandalia maharage na ndizi. Nilikula.

Biro zilipofungwa alasiri nilirudi shuleni. Kuhesabu kulifanywa mbele ya watu, nami nilisimama dirishani. Sanduku jeupe lilimwagwa juu ya meza. Katikati ya bahasha nyeupe kulikuwa na nyeusi moja, nene.

"Huyu alitoka kwenye pombe ya ndizi moja kwa moja," mtu mmoja alisema nyuma yangu.

"Au shuleni alikwenda kula tu," mwingine akajibu, na watu wakacheka.

Prezida aliinua bahasha ile ili kila mtu aione, akasema kura hiyo imeharibika, akaiweka pembeni bila kuifungua. Sanduku jeusi halikufunguliwa kabisa. Lilibebwa na kutolewa nje. Kura ya shangazi ilikuwa ndani yake, ndani ya bahasha nyeupe, imechaguliwa vizuri. Na yangu ilikuwa Gitega, haijapigwa. Siku ile kati yetu wawili hakuna aliyepiga kura.

Niliporudi aliniuliza: "Wamehesabu?"

"Wamehesabu."

"Na yangu?"

"Iko sawa, shangazi. Imehesabiwa."

Kesho yake nilirudi Gitega.

Ilipita miaka mitano. Nilishona sare. Niliendelea kwenda Makebuko na Buraza. Kila Idi nilikwenda Muyinga, na kila Idi nilikuta kura ile imekua. Bomba la maji la mtaa lilipoharibika, shangazi alimshika jirani bega, wakaenda mpaka ofisi ya zone, iliyo chini ya komine. Aliwaambia: "Mliniuliza, nikajibu. Sasa nauliza mimi." Bomba lilikaa miezi kadhaa bila kutengenezwa, naye alirudi pale kila Jumatatu. Makarani walimzoea, wakawa wanamwekea kiti. Watu wasioona wa mitaa mingine walimjia kumuuliza alifanyaje, akawafundisha: nyembamba kulia, nene kushoto. Aliwafundisha kwa ndoo.

Nilimsikia akifundisha. Nilikuwa nimeketi pale, nikinywa chai. Ningependa kuandika kwamba moyo uliniuma, lakini daftari hili nimeliwekea sharti la usahihi. Nilihisi kama mtu aliyelalia mkono wake: unajua mkono upo, unauona, lakini ni kama wa mtu mwingine.

Uchaguzi uliofuata ulipokaribia, alinipigia simu tena. Safari hii nilijua kinachotakiwa. Bahasha hazikuwa na shida, zinajulikana kwa unene. Shida ilikuwa masanduku, nayo yalihitaji kitu kimoja tu: alama ya kugusa, isiyobadilika hata mtu aingie kwa mlango upi. Nilikata utepe wa kitambaa cha jinzi, nikaukunja pindo, nikaushonea vifundo vitatu vya uzi mnene. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Ningeweza kuifanya miaka mitano nyuma.

Muyinga nilimkuta prezida mpya wa biro, mwanamke. Nilimwonyesha utepe, nikamwomba aufunge kwenye sanduku jeupe, kandokando ya tundu, ili asiyeona alitambue. Aliugeuza mkononi.

"Umetumwa na nani?"

"Sikutumwa, madamu. Nina shangazi asiyeona."

Aliwauliza wenzake. Wakasoma karatasi zao. Mwisho akasema: "Hakuna mahali pamekatazwa," akaufunga mwenyewe mbele yangu. Ulikuwa umekaa vizuri.

Nilikuwa nimeshona wa pili kwa ajili ya mazoezi. Uani niliweka ndoo juu ya benchi, nikafunga utepe kwenye mojawapo. Shangazi alipapasa, akavikuta vifundo.

"Hiki ni cha nini?"

"Ni alama. Penye vifundo ndipo unatia nyembamba, hata kama ni kushoto."

"Ya nini alama? Mara ile sikuihitaji."

Ningeweza kumjibu kwamba ni tahadhari tu. Angekubali. Jirani muuza mkaa alikuwa amesimama mlangoni na karai lake, na ningeweza pia kungoja aondoke.

"Mara ile uliihitaji," nilisema. "Tuliingia kwa nyuma. Masanduku yalikuwa yamegeuka. Nyembamba uliitia katika jeusi."

Vidole vyake viliendelea kuhesabu vifundo, kimoja, viwili, vitatu, kisha vikarudi kwenye cha kwanza.

"Nani amekuambia?"

"Niliona."

"Ulikuwa wapi?"

"Nyuma yako. Pale kwenye pazia."

"Mbali?"

"Hatua tatu."

"Hatua tatu," alisema. "Na mdomo ulikuwa nao?"

"Nilikuwa nao."

Jirani aliweka karai chini.

"Ile nyembamba ilikwenda wapi?"

"Ilibebwa na sanduku jeusi."

"Kwenye takataka."

"Ndiyo, shangazi."

"Na jioni nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Na we ukajibu."

Shangazi hakulia wala hakupaza sauti. Aligeuza uso upande ambako alidhani kuna jirani, na alikuwa amepatia. Nilidhani atasema neno juu ya ofisi ya zone, au juu ya wale watu aliowafundisha. Labda aliyawaza hayo. Nilichosikia ni hiki:

"Panga ndoo vizuri. Mara kumi."

Tulifanya mara kumi. Kila mara nilizibadilisha mahali bila kumwambia, na kila mara alivipata vifundo. Utani wa udhu hakuurudia.

Asubuhi nilivaa, nikasimama mlangoni kumpa kiwiko changu. Alikuwa amevaa kanga ile ile ya mara iliyopita, imepauka kidogo. Alipita mbele yangu akiwa amemshika bega muuza mkaa.

"Leo naenda na jirani," alisema. "Tangazo linasema ni mtu niliyemchagua mwenyewe. We ndo ulinisomea."

Niliwafuata kwa nyuma. Uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Walielekezwa mlango wa nyuma, na mimi nikabaki upande wa mbele, kwenye dirisha lile lile. Niliona pazia linatikisika muda mrefu. Jirani hakusoma shule, kwa hiyo nadhani alimtajia rangi na picha tu. Kisha shangazi alitoka, akaachwa mbele ya meza peke yake, uso wake umeelekea kwangu. Alipapasa sanduku la kulia. Halikuwa na alama. Akapapasa la kushoto, akakuta vifundo, akatulia juu yake. Akavusha mkono wa kulia mbele ya kifua chake, akaachia bahasha nyembamba upande wa kushoto, penye utepe. Kisha akaachia nene upande wa kulia.

Hakutabasamu. Alisimama pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika, mpaka kijana wa wino akamgusa bega.

Hakurudi kwa mlango wa nyuma. Alimwambia jirani kitu, wakatoka kwa mbele, kwenye ngazi tatu za saruji. Alizishuka akitanguliza mguu, akipima kila kingo. Nilikuwa hatua chache kutoka pale. Nilisogea nikanyoosha kiwiko. Sijui kama alijua ni mimi. Nadhani alijua, kwa sababu alihamishia mkono wake bega la pili la jirani, lililokuwa mbali nami, wakapita.

Alasiri nilisimama dirishani kuangalia hesabu, mwanzo hadi mwisho. Sanduku jeupe lilimwagwa, utepe wangu ukining'inia kwenye kifuniko. Bahasha zote zilikuwa nyeupe. Nilizitazama mpaka ya mwisho ilipofunguliwa. Moja kati yake ilikuwa yake, sijui ipi. Prezida alifungua utepe akaja kunirudishia. Nilimwomba ubaki na vifaa vya biro. Akasema atauliza.

Nilirudi nyumbani kumwambia shangazi. Alikuwa ameketi juu ya mkeka, jirani kando yake.

"Hakukuwa na bahasha nyeusi katika jeupe," nilisema. "Hata moja."

"Najua. Jirani alikuwa huko."

Sikuwa nimemwona jirani kwenye hesabu. Alikuwa amesimama dirisha la upande wa pili, na alitangulia kufika.

Shangazi alinisogezea sahani. Kulikuwa na maharage na ndizi. Alisikiliza, kama alivyosikiliza bahasha ikianguka ndani ya ndoo, mpaka aliposikia nimeanza kula.